Kubadilisha Mitambo Mikuukuu ya Kuongozea Mashua: Kazi ya Fundi na Haki ya Mfanyakazi

Somo kwa vikundi vya mafunzo vya Gitega na Muyinga



Katika vikundi vyetu tumezoea kusoma habari za mshahara, za mkataba wa kazi na za kujikinga na ajali. Safari hii tunasoma habari za mashua na mitambo yake. Baadhi yenu watauliza: sisi tu watu wa milimani, wa kahawa na wa viwanda, mambo ya majini yanatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuanza somo lenyewe.

Kwanza, nchi yetu ya Burundi haina bahari. Kahawa inayooshwa na kukobolewa katika sehemu zetu huenda ng'ambo kwa njia mbili kubwa. Njia moja ni ya barabara, kupita Muyinga na mpaka wa Kobero, kuingia Tanzania mpaka bandari ya Dar es Salaam. Njia ya pili ni ya ziwa, kutoka Bujumbura mpaka Kigoma kwa meli, kisha kwa reli mpaka Dar es Salaam. Tena kutoka kusini, katika bandari ya Mpulungu nchini Zambia, huja shehena za saruji na sukari. Mzigo tunaoufunga sisi, mwenzetu baharia huupokea. Akizama, amezama mfanyakazi.

Pili, habari ya mtambo mkuukuu ni habari yetu sote. Kila kiwanda kina mashine iliyozeeka, na siku moja mwenye kiwanda ataamua kuibadilisha. Je, atabadilisha nini kwanza? Nani atafundishwa? Nani atalaumiwa mtambo mpya ukikosea? Mashua ni darasa zuri la maswali hayo, kwa kuwa majini kosa halingoji mwisho wa mwezi.

Tumechagua mashua ya tanga ya safari ndefu, yenye urefu wa mita 10 au 12, kama zile zinazovuka Bahari ya Hindi na kutia nanga Zanzibar, Tanga, Mtwapa au Kilifi. Tumeichagua kwa sababu ni ndogo. Mitambo yake yote inaweza kuchorwa katika karatasi moja, na umeme wake hutoka katika betri mbili au tatu tu. Mwenye kuielewa mashua hiyo ataielewa pia meli ya mizigo ya Ziwa Tanganyika, kwa maana kanuni ni zile zile.

1. MITAMBO YENYEWE NI IPI?

Tuitaje kwa majina na kwa kazi zake.

Dira huonyesha kaskazini. Haihitaji umeme, na ndiyo mzee wa mitambo yote.

Kipima kina hutuma sauti chini ya maji na kungoja mwangwi. Katika maji ya ziwa sauti hukimbia kiasi cha mita 1,480 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti imekwenda mita 148, kushuka na kupanda. Basi kina ni nusu yake, yaani mita 74. Zamani mabaharia walifanya kazi hiyo kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni.

GPS hupokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali mashua ilipo.

Redio ya upepo ni ya kuzungumza na vyombo vingine na watu wa pwani. Mlango wa 16 ndio wa kuita na wa kuomba msaada kwa sauti.

AIS ni mtambo unaotangaza kwa redio jina la chombo, mahali kilipo na mwendo wake, na kupokea habari hizo kutoka kwa vyombo vingine.

Rada hutuma mawimbi ya redio na kuonyesha vitu vilivyoyarudisha: ufuko, meli, hata mvua.

Rubani wa umeme hushika usukani badala ya mtu.

Na mwisho kuna kengele ya setilaiti, yaani kisanduku kidogo cha rangi kali ambacho huwashwa chombo kinapozama ili kiite waokoaji.

2. MTAMBO HUZEEKA KWA NJIA TATU

Watu wengi hudhani mtambo huzeeka kwa kuharibika tu. Sivyo.

Njia ya kwanza ni kuliwa na kutu, unyevu na mtikisiko. Njia hii tunaijua, maana hata katika vituo vyetu vya kuosha kahawa maji na umeme ni maadui. Waya wa shaba hugeuka kijani kibichi ndani ya ngozi yake, na kwa nje hauonekani.

Njia ya pili ni kukosa vipuri. Mtambo ni mzima, lakini kioo chake kikivunjika, kingine hakipatikani, kwa kuwa kiwanda kilichoutengeneza kimeacha.

Njia ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, nayo haijulikani na wengi. Mtambo unaweza kuwa mzima kabisa, taa yake inawaka, lakini ule upande wa pili uliokuwa ukizungumza nao umekwisha kuzimwa. Hebu tutazame mifano.

Kabla ya GPS, Marekani ilikuwa na setilaiti za kuongoza meli zilizoitwa Transit. Utumishi wake kwa mabaharia ulikoma mwisho wa mwaka 1996. Kulikuwa pia na mfumo wa redio ulioitwa Omega, wenye minara michache tu kwa dunia nzima. Mmoja ulikuwa Liberia na mwingine katika kisiwa cha Réunion. Huo ulizimwa mwezi wa Septemba 1997. Mwenye mashua aliyekuwa na kipokezi cha Omega aliamka asubuhi akiwa na sanduku zuri lisilo na kazi.

Hata GPS yenyewe ina jambo la kuangaliwa. Saa yake huhesabu majuma kutoka 0 mpaka 1023, kisha hurudi kwenye 0, kama kile kihesabio cha kilometa katika lori kuukuu. Majuma 1024 ni karibu miaka 20. Hesabu ilirudi sifuri mwezi wa Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019 usiku. Vipokezi vingi vilivyotengenezwa vizuri havikusumbuka. Lakini baadhi ya vipokezi vya zamani vilianza kuonyesha tarehe ya miaka 20 nyuma, na vingine vikakataa kufanya kazi. Kwa vipokezi vinavyotumia hesabu hiyo ya zamani, zamu nyingine ni Novemba 2038.

Mfano wa tatu ni wa kufa na kupona. Kengele za zamani za kuomba msaada zilitumia mawimbi ya 121.5 megahezi. Tangu tarehe 1 Februari 2009, setilaiti za uokoaji zimeacha kuyasikiliza mawimbi hayo. Kengele mpya hutumia 406 megahezi. Sasa fikirini: baharia ana kengele ya zamani, ameitunza vizuri, ameifuta vumbi kila juma. Chombo kinazama, anaiwasha, taa inametameta. Ndege iliyo karibu yaweza kuisikia, lakini setilaiti haisikii. Mtu huyo anaelea majini akiamini kuwa ameita, kumbe hakuna aliyemsikia.

Basi fundisho la sehemu hii ni hili: kuwaka kwa taa si ushahidi wa kazi. Kila mtambo lazima uulizwe maswali mawili. Je, wewe ni mzima? Na yule unayezungumza naye, bado yuko?

3. UTARATIBU WA KUBADILISHA

Mwenye fedha akitaka kubadilisha, kwa kawaida huanza na kitu kinachong'aa: kioo kikubwa chenye ramani ya rangi. Fundi mwenye akili huanza chini, mahali pasipoonekana. Tufuate hatua zake.

Hatua ya kwanza: kuandika. Chukueni daftari. Andikeni kila mtambo, umri wake, unakula umeme kiasi gani, waya wake unapita wapi, na lini ulijaribiwa mara ya mwisho. Mara nyingi kazi hii peke yake huonyesha kwamba nusu ya matatizo si ya mitambo, ni ya waya.

Hatua ya pili: umeme. Tufanye hesabu pamoja. Rada kuukuu ya mashua yaweza kula ampea 4. Ikiwashwa saa 10 za usiku, 4 mara 10 ni 40. Betri ya kawaida ya 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 50, ama sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo rada peke yake imekaribia kuimaliza betri moja kwa usiku mmoja.

Sasa tazameni taa ya mlingotini. Taa ya zamani ya wati 25 katika umeme wa volti 12 hula kiasi cha ampea 2. Kwa saa 12 za giza, hiyo ni karibu 25. Taa mpya ya LED ya wati 3 hula robo ampea. Kwa saa 12 ni 3 tu. Yaani kwa kubadilisha taa moja ya bei ndogo, mashua imepata zaidi ya 20 za akiba kila usiku. Umeme huo sasa waweza kulisha GPS na redio mpaka asubuhi, bila kununua betri nyingine. Ndiyo maana twasema: kabla ya kununua mtambo mpya, punguzeni ulafi wa ule wa zamani.

Hatua ya tatu: waya na fyuzi. Waya mwembamba ni kama mfereji mwembamba katika shamba: maji yaliyotoka mtoni si yote yatakayofika. Mtambo ukiwa mita 10 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimeta 2.5 za mraba, mtambo ukila ampea 5, karibu volti 0.7 hupotea njiani. Kwa waya wa milimeta 6 za mraba hupotea karibu volti 0.3 tu. Volti 0.7 zaonekana ndogo, lakini betri iliyochoka mwisho wa usiku haina cha kupoteza. Redio hufanya kazi vizuri wakati wa kusikiliza, na ikibonyezwa ili kusema huzimika, maana kusema hula umeme mwingi zaidi. Nahodha hulaumu redio, akaitupa, akanunua nyingine, nayo ikazimika vile vile.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na mtambo. Waya ukikatika ngozi katikati na kugusana, fyuzi iliyo mbali haitauzuia moto.

Hatua ya nne: kupanga nini kitangulie. Sisi twapendekeza mpango huu. Kwanza vitu vya kuokoa roho: kengele ya 406 iliyoandikishwa kwa jina la chombo na ambayo tarehe ya betri yake haijapita, na redio nzuri. Pili kipima kina. Tatu GPS. Nne AIS. Rada na rubani wa umeme vije baadaye, fedha zikibaki. Kioo kikubwa cha ramani kije mwisho, kwa sababu hicho hukusanya tu habari zilizoletwa na wengine.

Kabla ya kununua redio, ulizeni: pwani yetu nani anasikiliza, na kwa saa gani? Redio za kisasa zina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, redio hupiga mbiu yenyewe katika mlango wa 70 na kutaja chombo kilipo. Lakini itataja mahali ikiwa tu inapata habari kutoka kwenye GPS. Fundi akisahau waya mmoja kati ya mitambo hiyo miwili, kitufe kitalia "tunazama" bila kusema wapi.

Hatua ya tano: lugha ya mitambo. Mitambo nayo huzungumza, tena ina lugha mbili. Ile ya zamani ni NMEA 0183, iliyotoka mwaka 1983. Katika lugha hiyo mmoja husema na wengine husikiliza, kama katika mkutano wenye mwenyekiti mkali. Ile mpya ni NMEA 2000, ambamo mitambo yote hukaa kwenye waya mmoja na kila mmoja husema kwa zamu. Wa lugha ya kwanza haelewi ya pili. Yupo mkalimani, kisanduku kidogo cha kuunganishwa katikati. Kwa hiyo si lazima kutupa kila kitu kwa siku moja. Muuzaji atakayesema "badilisheni vyote" aulizwe kwanza habari za mkalimani huyo.

Hatua ya sita: kuilinda dira. Vipaza sauti vina sumaku ndani, na waya wenye umeme huivuta dira pia. Mtambo mpya ukifungwa karibu na dira, sindano itapotoka, na mshika usukani atakwenda upande usio wake kwa moyo mweupe. Baada ya kila mtambo kufungwa, dira ijaribiwe: elekezeni omo kwenye alama inayojulikana, washeni mitambo mmoja mmoja, mtazame kama sindano inacheza.

Hatua ya saba: mpya na wa zamani vikae pamoja kwa muda. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mtambo wa zamani ubaki mahali pake mpaka mpya ujaribiwe mchana na usiku, katika utulivu na katika mawimbi. Dira, bildi na ramani ya karatasi havitolewi kamwe.

4. MAMBO AMBAYO MTAMBO HAUONI

Hapa turudi kwenye ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670 na kina kinachofika kiasi cha mita 1,470. Katikati yake kipima kina kidogo hakipati mwangwi, na baadhi ya vipima kina huonyesha tarakimu za ovyo badala ya kukiri. Asiyejua ataogopa bure, au atazoea kupuuza, kisha siku ya mwamba wa kweli atapuuza pia.

Ramani nayo ina mtego. Ramani nyingi za sehemu zetu zilichorwa kabla ya setilaiti, kwa vipimo vinavyoitwa Arc 1950 na Arc 1960. GPS hutumia vipimo vingine, WGS 84. Tofauti yake katika nchi zetu ni karibu mita 300. Mtu akichukua tarakimu za GPS na kuzitia katika ramani ya zamani bila kurekebisha, mashua itaonekana imepanda nchi kavu, au mwamba utaonekana uko mbali kumbe uko chini ya omo. Tena ziwa lilipanda sana katika mwaka 2020 na 2021, na mara nyingine mwaka 2024, likafunika nyumba, miti na kuta za ufukweni. Vitu hivyo vilivyofunikwa havimo katika ramani ya zamani wala ya kioo.

Jambo kubwa zaidi ni watu. Usiku wa giza wavuvi wa ndagala hujaa ziwani na taa zao. Mitumbwi yao ni ya mbao, na mbao hairudishi vizuri mawimbi ya rada. AIS hawana, maana sheria ya kimataifa huzilazimisha meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda nchi nyingine, wala si mtumbwi. Kwa hiyo kioo cha nahodha chaweza kuonyesha ziwa tupu, na huku mbele yake wamo wafanyakazi wenzetu arobaini. Macho ya baharia aliyesimama omo hayana badala. Tajiri akisema, "Sasa tuna rada, tupunguze mlinzi wa usiku," jibu letu ni hapana, na sababu ndiyo hiyo.

Wala mtambo hauponyi mzigo uliozidi. Meli ya Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, watu mamia walikufa. Kivuko cha Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kiliruhusiwa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Hakuna GPS inayoweza kuzuia jambo la namna hiyo. Linazuiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema "hatuondoki", na mwenye chama nyuma yake cha kumlinda baada ya kusema.

5. MFANYAKAZI NA MTAMBO MPYA

Ndugu, hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mtambo wa zamani ulipokuwa ukitumika, ujuzi ulikaa kichwani mwa baharia. Alijua rangi ya maji, harufu ya mvua, umbo la mlima wa Kongo upande wa magharibi. Mtambo mpya huchukua sehemu ya ujuzi huo na kuuweka ndani ya sanduku. Baharia akifundishwa sanduku hilo, atakuwa na ujuzi mara mbili. Asipofundishwa, atakuwa mtu wa kubonyeza tu, na mtu wa kubonyeza hulipwa kidogo, hubadilishwa kwa urahisi, na hulaumiwa kwanza.

Sisi katika kazi yetu tumeliona jambo hilo nchi kavu. Katika kiwanda kimoja waliletewa mizani ya umeme. Wafanyakazi walionyeshwa kitufe kimoja cha kuwashia na kimoja cha kuzimia. Mawe ya zamani ya kupimia yalichukuliwa. Baada ya miezi michache hesabu za magunia zilianza kupungua, na upungufu ukakatwa katika mishahara. Mwishowe fundi aliyeitwa aligundua kwamba mizani haikuwa ikianza kwenye sifuri. Lakini ndani ya kiwanda hapakuwa na jiwe hata moja la kuijaribia, na hakuna mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kuitilia shaka. Mawe yale yalikuwa ndiyo bildi na dira ya wenzetu wale.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 juu ya usalama na afya kazini. Mkataba huo unasema kwamba wafanyakazi wapewe mafunzo yafaayo ya usalama, na kwamba hatua za usalama zisiwe gharama juu ya mfanyakazi. Kwa hiyo mabaharia au sisi tunapodai mafunzo, hatuombi zawadi.

Kila mtambo unapobadilishwa, majini au kiwandani, chama kidai mambo haya:

(a) Wafanyakazi wanaoutumia mtambo waulizwe kabla ya kununuliwa. Wao ndio wanaojua waya upi hulowa na kitufe kipi hakishikiki kwa mikono yenye maji.

(b) Mafunzo yatolewe katika saa za kazi zenye malipo, kwa watu wa zamu zote, si kwa mkubwa mmoja peke yake.

(c) Maelezo yaliyokuja kwa Kiingereza au Kifaransa yaelezwe kwa Kirundi au Kiswahili, na muhtasari wake ubandikwe karibu na mtambo.

(d) Chombo cha zamani cha kulinganishia kibaki: dira, bildi, ramani ya karatasi, jiwe la mizani.

(e) Pawe na daftari la mtambo, na kila mwenye zamu awe na haki ya kuandika "nina shaka" bila kuadhibiwa.

(f) Mtambo mpya usiwe kisingizio cha kupunguza watu wa ulinzi na wa zamu.

Nasi pia tuna wajibu. Mfanyakazi anayefundishwa na kulala darasani hana la kudai. Anayejua na kuwaficha wenzake ili aonekane bingwa anaivunja nguvu ya wote. Na anayeona fyuzi imefungwa kwa kipande cha waya, akanyamaza kwa sababu si kazi yake, amekubali moto.

6. MASWALI YA KIKUNDI

Kikundi kisome somo hili mara mbili, kisha kijibu pamoja. Katibu aandike majibu.

1. Taa tatu za mashua ni za wati 25 kila moja, na huwaka saa 12. Zikibadilishwa zote kwa LED za wati 3, ni umeme kiasi gani utakaosalimika kwa usiku mmoja? (Tumieni hesabu ya hatua ya pili.)

2. Kipima kina kimepata mwangwi baada ya nusu sekunde. Maji yana kina gani? (Jibu: mita 370. Wasiopata jibu hilo wakumbuke kwamba sauti ilikwenda na kurudi.)

3. Nahodha ana kengele ya 121.5 ambayo taa yake bado inawaka, naye anakataa kutumia fedha kununua nyingine. Mtamwambia nini?

4. Katika mahali penu pa kazi, ni mtambo gani ambao taa yake inawaka lakini hakuna ajuaye kama unasema kweli? Ungejaribiwa kwa kitu gani?

5. Mara ya mwisho mashine mpya ilipoletwa kwenu, ni watu wangapi walifundishwa? Kwa saa ngapi? Yapi kati ya madai (a) mpaka (f) yalitimizwa?

Majibu ya swali la nne na la tano yaletwe kwa mjumbe wa chama wa kila kituo, upande wa Gitega na upande wa Muyinga. Tutayakusanya na kuyapanga, ili siku ya kukaa mezani na waajiri tusiende na manung'uniko matupu. Tuende na orodha: mtambo fulani, mahali fulani, umri wake, hatari yake, na watu wanaohitaji kufundishwa.

Umoja ni nguvu.